Kila Sinia Watu Sita

Muhsin Mdoe hakuwahi kutoa kitu mahali pasipo na watu. Sadaka yake ya Ijumaa ilisubiri mpaka safu zijae. Siku alipomnunulia mama yake godoro, alilifunga juu ya gari likiwa wazi, akazunguka nalo Korogwe mjini, akateremka nalo Segera mpaka Kabuku, na mvua ikalinyeshea njia nzima. Mama mtu alilianika kwa wiki kadhaa, na mwaka haukuisha akafa. Kwa hiyo Muhsin alipopiga simu kusema kwamba atamsomesha mtoto mmoja wa ukoo kwenye shule ya bweni kule Korogwe, ndugu zake hawakushangaa kusikia kwamba mtoto huyo atamchagua siku ya hitima ya mama yao, mbele ya waalikwa wote.

"Nitawauliza tebo," alisema kwenye simu. "Mtoto asiyejua tebo hana akili. Simtupii fedha zangu."

"Faudhia wangu anazijua, kaka," alijibu Mustafa, mdogo wake, akiwa amesimama wima kana kwamba simu ina macho.

Mustafa hakujua kama binti yake anazijua au hazijui. Hakuwahi kumuuliza. Faudhia alikuwa darasa la pili, na yeye katika miaka miwili hiyo alikuwa amefika shuleni kwake mara moja tu, siku wazazi walipoitwa kuchangia mlango wa choo, akaondoka kabla mchango haujaanza. Lakini sasa alikuwa baba wa mtoto mwenye akili, na aliipenda kazi hiyo kuanzia jioni ile ile. Kabla ya kutafuta chaki, alitafuta fimbo.

Alimkalisha mtoto kwenye kigoda uani, akashika daftari, akaanza.

"Mbili mara moja?"

"Mbili."

"Mbili mara mbili?"

"Nne."

Faudhia alikuwa na masikio mazuri. Haukupita muda akawa anaziimba zote, za mbili, za tatu, mpaka za saba, kwa sauti ile ile ya kuinuka na kushuka ambayo watoto wa Kabuku wameimba tangu babu zao walipokuwa na kaptura. Majirani walisikia, wakasifu. Mustafa akatembea kidogo uani, mikono nyuma. Tatizo lilianza alipoamua kuuliza katikati.

"Saba mara sita?"

"Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu..."

Fimbo ilimpata begani. "Nimekuuliza saba mara moja mimi?"

Mtoto akaanza tena mwanzo, kwa sababu wimbo hauna mlango wa katikati, na fimbo ikarudi pale pale. Mwaija, mama yake, ndiye aliyewakuta hivyo alipoingia na beseni lake la machungwa kichwani, akitoka kuuza kando ya barabara kuu.

"Baba Faudhia, unampigia nini?"

"Hajui saba mara sita."

"Ni ngapi?"

Mustafa aligeuza daftari. Nyuma ya daftari la shule kumechapwa tebo zote, na huko ndiko mwalimu huyu alikokuwa akichungulia tangu jioni ya kwanza. Alitafuta mstari wa saba kwa kidole, akaupoteza, akautafuta tena.

"Usinivunjie heshima mbele ya mtoto," alisema.

*

Mwaija aliitaka shule ile kuliko mumewe. Mustafa alitaka kushinda. Mkewe alitaka mtoto wake aketi kwenye dawati. Darasani kwao Faudhia alikuwa anaketi sakafuni, nyuma kabisa, mahali ambapo ubao unaonekana nusu, na alirudi nyumbani na sketi nyeupe kwa vumbi. Mwaija alikuwa ameketi sakafu hiyo hiyo. Alijua mtu anajifunza nini pale: kunyamaza na kupisha wenzake.

Siku moja mwalimu wa Faudhia alisimama kwenye meza ya Mwaija kununua machungwa. Aliitwa Emiliana, msichana wa Dindira, mpole, aliyepangiwa kazi Kabuku na bado alikuwa analalamikia joto.

"Mwalimu, huyu mwanafunzi wako hajui kuzidisha," Mwaija alimwambia bila kuzunguka. "Anaimba tu. Baba yake anataka kumuua."

"Mama Faudhia, wote wanaimba. Darasa lenyewe unaliona. Nikiwafundisha vizuri, wanafundishika kumi walio mbele. Nikiwaimbisha, mkaguzi akipita nje anasikia darasa lina sauti kubwa, anaandika kwamba wanafanya vizuri, anapanda pikipiki yake." Aliona aibu kwa alichosema, akageukia mtoto aliyekuwa akifuta machungwa. "Faudhia, njoo hapa."

Machungwa yalikuwa yamepangwa kwa mafungu, kama wanavyopanga wauzaji wote wa barabara ile. Emiliana alichuchumaa, akasogeza matatu mbele.

"Haya ni mafungu mangapi?"

"Matatu."

"Kila fungu lina machungwa mangapi?"

"Manne."

"Umehesabu, au umekisia?"

Faudhia akahesabu, kwa kidole, fungu moja baada ya jingine. "Manne yote."

"Yako sawa?"

"Sawa."

"Basi huna haja ya kuhesabu chungwa moja moja. Nne hii umeipata mara ngapi?"

"Mara tatu." Macho yake yalikwenda kwenye mafungu, yakarudi kwa mwalimu, yakaenda tena. "Nne mara tatu! Mwalimu, ile ya kwenye wimbo?"

"Ile ile."

"Kumbe ni mafungu!"

Mwaija aliacha kumhudumia mteja. Aliimba tebo hizo hizo miaka yote aliyokuwa shule, akachapwa kwa ajili yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia zinahusu nini. Alikuwa anapanga mafungu kila siku ya Mungu. Alifurahi na kuona uchungu kwa pamoja, akamwambia mteja asubiri.

Faudhia alitoa chungwa moja kwenye fungu la mwisho, akalificha nyuma. "Na hivi, mwalimu?"

"Hivyo huwezi kuzidisha. Unazidisha mafungu yakiwa sawa tu. Yasipokuwa sawa, unarudi kujumlisha lile na lile na lile."

Kuanzia hapo nyumba ile haikupumzika. Faudhia alizidisha miguu ya mbuzi wa jirani, akazidisha vikombe kwenye kabati, akazidisha mistari ya mahindi na mashina yaliyomo, isipokuwa ule mstari ulioliwa na mchwa, ambao aliukataa kwa sababu hauko sawa. Akiulizwa saba mara sita, alitazama juu kidogo, midomo ikicheza. "Sita mara tano thelathini. Halafu sita mbili zimebaki. Arobaini na mbili." Mwaija alimuuliza hata pale ambapo hapakuwa na haja, ili amwone tu anavyotazama juu.

Mustafa hakufurahishwa. "Anachelewa. Huyo Adamu wa dada Mwanaisha akiulizwa anafumba macho, yanatoka kama bomba. Huyu anafikiri fikiri. Kaka hapendi mtu anayefikiri fikiri."

Katika maisha yake yote Mustafa hakusema neno la kweli kuliko hilo.

*

Hitima ilifanyika Kabuku, nyumbani kwa Mustafa, kwa kuwa marehemu alikufa hapo, juu ya godoro lile. Muhsin alileta ng'ombe. Kila aliyeingia alisalimiwa kwanza, kisha akaambiwa ng'ombe ni wa nani. Turubai lilifungwa mbele, majamvi yakatandikwa, wanaume wakasoma, ustadhi akaomba dua ndefu ambamo jina la Muhsin lilitajwa mara nyingi kuliko la marehemu.

Wapishi walipakua pilau kwenye masinia saba. Desturi ya huko ni sinia moja watu sita, na kila mtu ataapa kwamba ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyo kwa watu wasio na cheo wala gari. Sinia la kwanza, lililoinuka kwa nyama, liliwekwa mbele ya Muhsin, ustadhi, na mgeni mmoja mnene kutoka Korogwe ambaye hakuna aliyejua kazi yake ila miwani yake ilikuwa ya bei. Walikuwa watatu, na hakuna aliyethubutu kuwasogelea. Wanaume wengine waliketi sita sita. Uani, wanawake walibanana magoti kwa magoti. Nyuma ya jiko, watoto wote wa ukoo walipewa sinia moja lenye wali wa chini ya sufuria na mchuzi wa kupaka rangi, wakaambiwa wamshukuru Mungu.

Mikono ilipokwisha kuoshwa, Muhsin aliinua wa kwake.

"Jamani, kabla ya bismillahi. Mama yetu alipenda elimu." Mama yao hakujua kusoma wala hakuwahi kulalamika, lakini watu waliitikia. "Nimeweka nia ya kumsomesha mmoja wa wajukuu zake. Waleteni."

Adamu alikuja kwanza, kanzu imepigwa pasi, mama yake akichungulia pembeni ya turubai. Alifumba macho, akaanza tebo ya saba, hakuvuta pumzi mpaka saba mara kumi na mbili. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza kitu katikati, maana wengi wa waliokuwapo wangeshindwa kujua kama amejibu sawa.

Kisha Faudhia. Alipiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe sikuulizi tebo kavu." Muhsin alimtupia jicho yule mgeni wa miwani. Alikuwa ameifikiria njia nzima kutoka Korogwe. "Leo tuna masinia saba. Kila sinia watu sita. Haya, wako watu wangapi waliokuja kumwombea bibi yako?"

Mustafa, kwenye jamvi la pili, alifunga ngumi kwa furaha. Saba mara sita! Alikuwa amemchapa kwa hiyo hiyo.

Faudhia alitazama juu. Halafu akashusha macho, akatazama sinia lililokuwa mbele yake, akatazama jamvi la pili na la tatu, akageuza shingo kuelekea jikoni.

"Haizidishiki, baba mkubwa."

"Unasemaje?"

"Hayako sawa. Hapa mko watatu. Pale wako sita sita. Nyuma kwetu tuko kumi na mmoja, na Adamu akirudi tutakuwa kumi na wawili." Sauti yake ilikuwa ya mtoto anayesaidia. "Mwalimu alisema mafungu yasipokuwa sawa, tunajumlisha. Nijumlishe?"

Mtu mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Ustadhi aliusoma wali wake kwa makini. Mgeni wa miwani alihesabu kwa macho sinia lake, mmoja, wawili, watatu, akaona kwamba ni kweli, akasogeza mguu.

"Nani amekutuma?" aliuliza Muhsin.

Faudhia hakuelewa. Ametumwa wapi?

"Nakuuliza, nani amekufundisha kuja kunitukana kwenye hitima ya mama yangu? Mama yako?"

Hapo mwalimu Emiliana, aliyekuwa ameketi na wanawake mwishoni mwa uzio, alisimama. "Mzee, samahani. Mtoto yuko sahihi. Kuzidisha ndivyo kulivyo."

"Mwalimu, karibu chakula," alisema Muhsin bila kumtazama.

Emiliana akaketi. Asingeketi angefanya nini? Alikuwa mgeni, na wanawake waliomzunguka walikuwa tayari wanamvuta gauni.

Mustafa alikwishafika. Alimshika binti yake mkono wa juu, akamburuta kupita uani, viatu vikamvuka mtoto, mpaka nyuma ya choo. Macho yake yalikuwa yanatafuta fimbo. Mwaija aliwafuata na mwiko wa pilau mkononi, akasimama katikati yao.

"Mwache."

"Ametuua! Unaelewa? Ametuua! Mwanaisha huko anacheka!"

"Nimesema mwache. Nenda ukakae na wenzako, mwambie kaka yako mtoto anakuja kuomba radhi."

Mustafa aliondoka akitukana kimya kimya. Mwaija alichutama. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso, anatafuta alipokosea.

"Saba mara sita ni ngapi?" mama alimuuliza.

"Arobaini na mbili. Lakini mama, hawako arobaini na mbili."

"Najua."

"Umewaona wako wangapi kule nyuma?"

"Nimewaona, mwanangu. Mimi ndiye niliyewapakulia." Neno hilo lilimchoma mwenyewe. "Sikiliza. Utarudi pale. Utapiga magoti yote mawili. Utasema, nisamehe baba mkubwa, ni arobaini na mbili. Usiongeze neno."

"Nitakuwa nimekosea."

"Kosea."

Faudhia alimtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu. Huyu ndiye aliyekuwa akiangalia midomo yake ikicheza, akicheka naye kila jibu lilipotoka. Mwaija aliliona lile jicho, akataka kulikwepa, hakulikwepa.

"Kosea leo tu, Faudhia. Kosea ukakae kwenye dawati. Mimi sikukosea, nilinyamaza tu, na unaniona nilipo."

Alimfuta vumbi magotini, ingawa alikuwa anampeleka kupiga magoti.

*

Watu walikuwa bado hawajala. Muhsin hakuwa amewaruhusu. Aliacha pilau ipoe kusudi waone alivyoumizwa. Faudhia alipita kati ya majamvi, akapiga magoti yote mawili mbele ya sinia la watu watatu.

"Nisamehe, baba mkubwa. Ni arobaini na mbili."

Muhsin aliipanga kofia yake kwa taratibu inayomfaa mtu mkubwa. Kisha akatabasamu, akamgeukia mgeni wake.

"Umeona? Anajua! Akili anayo huyu. Alichokosa ni adabu tu, na adabu nimemfundisha hapa hapa, sasa hivi."

"Mashaallah," alisema ustadhi kwa nguvu, kwa kuwa njaa ilikuwa imemshika.

"Yule mwingine naye ameimba vizuri, Mungu amzidishie," Muhsin aliendelea. "Lakini mimi nampenda mtoto anayekosea akajirudi. Huyu ndiye nitakayemsomesha. Mwakani aje Korogwe."

Makofi yakapigwa, mengi kuliko ya Adamu, kwa sababu safari hii yalikuwa yanaleta chakula. Mustafa alisimama akashikana mikono na watu ambao hawakumnyooshea mkono. Njiani kurudi kwenye jamvi lake alimwona mkewe mlangoni mwa jiko.

"Umeona kazi ya fimbo?" alimwambia.

Mwanaisha alimvuta Adamu, akamrudisha nyuma ya jiko. Watoto walijibana zaidi ili apate pa kuingiza mkono. Walikuwa kumi na mmoja tena, wala hakuna aliyewahesabu.

Faudhia naye alikuwa ameinuka kwenda kuungana nao, lakini Muhsin alimshika bega. "Wewe kaa hapa. Kaa na baba yako mkubwa, ule." Akampisha nafasi mwenyewe, akachukua pande la nyama, la mnofu mtupu, akamwekea upande wake wa sinia, huku akitazama kama watu wameona.

Mtoto aliiangalia nyama. Aligeuza shingo mara moja kuelekea jikoni, kule alikotoka. Kisha akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akala. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Alikula upesi, kichwa chini, na Muhsin alipomwuliza kama pilau ni tamu, alijibu bila kutazama juu kwamba ni tamu, baba mkubwa.

Mwaija alikuwa bado mlangoni, na mwiko wake. Alikuwa amekipata alichokiomba katika kila swala, kimekaa pale mbele yake, kinatafuna, na alijilazimisha kufurahi. Alijilazimisha mpaka machozi yakamtoka. Shangazi mmoja wa mumewe aliyaona, akaja akamshika mabega, akampigapiga mgongoni.

"Basi, mama Faudhia, basi. Mkweo alikuwa mtu mzima, alikwisha choka. Vumilia."

Wanawake wote wakaitikia kwamba avumilie.